Jamaa wa Kahe na CD ya Gari: Kwa Nini Gemu Moja Inauzwa Bilioni na Nyingine Haifiki Elfu Ishirini

Kuna jamaa mmoja wa Kahe, jina namhifadhi maana ana mke na wakwe, alikopa laki tano kwenye kikoba akiwa na uhakika wa kuzirudisha kabla ya mwezi kuisha. Alichokuwa anategemea siyo mpunga wala ng'ombe. Ni CD moja ya gemu ya mbio za magari. Aliikuta ndani ya PlayStation ya kwanza kabisa, ile ya kijivu, aliyonunua mtumba Moshi mjini pamoja na TV chogo. Akaingia mtandaoni, akaona wazungu wananunua magemu ya zamani kwa mabilioni, hesabu akapiga mwenyewe.

Tusimcheke haraka, mabilioni yapo kweli. Julai 2021 kopi ya Super Mario 64 iliuzwa mnadani Marekani kwa dola milioni 1.56. Mwezi uliofuata tu, Super Mario Bros. ikaenda kwa dola milioni 2, ambayo kwa hela yetu ilikuwa zaidi ya bilioni 4. Ila kuna kitu ambacho vichwa vya habari havikikazii: hizo zote zilikuwa hazijawahi kufunguliwa. Boksi limefungwa na nailoni yake ya kiwandani. Yaani gemu ghali kuliko zote ni ile ambayo hakuna mtoto aliyeicheza.

Sasa linganisha na huku kwetu. Kaka zetu wanasimulia kwamba kabla ya PlayStation kulikuwa na zile mashine za kaseti, kaseti moja imeandikwa ina magemu mia au elfu, ukizungusha unakuta ni yale yale yanajirudia. Gemu za gari zilizokuwemo ni kama F1 Race ya Nintendo ya mwaka 1984 na Road Fighter ya Konami, ile ya kukwepa magari huku mafuta yanaisha. Hiyo F1 Race kwa mashine ile Nintendo waliiuza Japani tu. Iliyotufikia huku ilikuwa kopi iliyobanwa ndani ya kaseti feki, na ndiyo watu waliijua hivyo.

PlayStation ilipokuja mambo yakawa yale yale kwa njia nyingine. Mashine ilitoka Japani Desemba 1994, na CD zake zina alama ya siri karibu na katikati ambayo mashine ya kawaida ya kuchoma CD haiwezi kuiandika. Bila ile alama mashine inakataa. Mafundi wakaja na dawa: chipu ndogo inachomelewa ndani, inaidanganya mashine kwamba alama ipo. Basi hapo kila banda la gemu likawa na rundo la CD za kuchoma, jina limeandikwa kwa maka peni, zikikwaruzika zinasuguliwa na dawa ya meno. Padi moja watu sita wanapokezana. Mwenye banda angenunua orijino ya nini wakati ya kopi inacheza vile vile?

Ndiyo maana CD orijino kuonekana maeneo ya Kahe ni jambo. Ya huyu jamaa nimeishika mwenyewe. Chini ni nyeusi, na hiyo ndiyo dalili ya kwanza watu wanayoangalia kwenye PlayStation 1. Lakini msiishie hapo wadau, CD tupu zenye mgongo mweusi nazo zilitengenezwa na watu wakachomea humo humo. Geuza uangalie kile kipete cha ndani karibu na tundu: orijino ina herufi na namba za kiwandani zimegandamizwa humo. Yake zimo. Kwa hiyo mzigo ni halali, umekuja na mitumba kutoka Ulaya.

Gemu yenyewe ni Colin McRae Rally 2.0, ya kampuni ya Codemasters ya Uingereza, mwaka 2000. Na hapa ndipo na mimi nilisisimka kidogo, maana kati ya nchi nane za kukimbizia gari mle ndani, mojawapo ni Kenya. Vumbi jekundu, barabara ndefu, mabonde. Ya kwanza ya mwaka 1998 Kenya haikuwemo.

Hiyo Kenya ya kwenye gemu ni Safari Rally, na Safari Rally siyo ya Wakenya peke yao. Ilianza 1953 kusherehekea kutawazwa kwa malkia wa Uingereza, na magari yalikatiza Kenya, Uganda na Tanganyika. Miaka hiyo milima ya Usambara na kule Mbulu vilikuwa sehemu ya mateso. Mwaka 1966 na 1967 aliyeshinda ni Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa anaishi Tanzania, akiwa na Peugeot 404. Joginder Singh wa Kenya alichukua 1965, 1974 na 1976. Shekhar Mehta mara tano. Mwaka 1963 walimaliza magari saba tu, na 1968 tena saba. Colin McRae mwenyewe alishinda mara tatu: 1997, 1999 na 2002. Baada ya hiyo 2002 Safari ikatolewa kwenye ubingwa wa dunia, isirudi mpaka 2021. McRae hakuiona ikirudi, alikufa kwenye ajali ya helikopta 2007.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi, ile CD ni kumbukumbu ya barabara zetu. Ila soko halinunui kumbukumbu, linanunua uhaba. Colin McRae Rally 2.0 iliuzwa sana Ulaya, kopi zipo tele, na ikiwa na boksi na kitabu chake bado inapatikana kwa pauni chache. Gran Turismo, baba lao wa magari, ndiyo gemu ya PlayStation 1 iliyouzwa kuliko zote, zaidi ya kopi milioni 10, na kwa sababu hiyo hiyo ni rahisi. Wanaolia bei ni wanaotafuta vitu kama Daytona USA ya Sega Saturn, lile toleo la NetLink la kucheza kwa njia ya simu, ambalo Marekani liliuzwa kwa oda ya posta tu. Daytona ya kawaida wala haikusumbui mfukoni. Gari zile zile, tofauti ni kwamba moja ilitoka chache.

Na ya jamaa haina boksi. Haina kitabu. Ina mikwaruzo miwili mirefu, na anakiri mwanawe aliipitishia dawa ya meno.

Nilimwambia ukweli wote huu pale stesheni ya Kahe, tukiangalia ile reli ya Tanga ambayo zamani ilikuwa na tawi la kwenda Voi. Akanyamaza. Kisha akasema, "Mdogo wangu, na ile mashine je?" Nikamwambia mashine kama hiyo zilitengenezwa zaidi ya milioni 100.

Kuna mdau wa Arusha nilimuunganisha naye, ametoa ofa ya elfu 15 kwa CD na mashine kwa pamoja, nauli juu yake. Jamaa amekataa, anasema anamsubiri mzungu. Kikoba kinakutana Jumapili.