Samite Mulondo, Mpiga Filimbi wa Wakimbizi

Katika kitabu hiki cha kuadhimisha miaka kumi ya Muungano wetu, wasomaji watakuta habari nyingi za kahawa: uzito wake, bei yake, na maghala yake. Sisi twaomba nafasi ndogo tueleze habari za mtu asiye mwuza kahawa, ambaye kazi yake yafaa kufikiriwa na kila mwanaushirika.

Karagwe na Kyerwa, zilizokuwa wilaya moja mpaka mwaka 2012, ni nchi iliyowaheshimu wapiga muziki tangu zamani. Speke na Grant walipofika kwa Omukama Rumanyika mwaka 1861 walizikuta ngoma za mfalme zikipigwa mwezi ulipoandama. Nanga nayo imekaa nasi miaka mingi, ikitukumbusha mashujaa na kuwafariji wenye msiba. Kwa hiyo habari za mpiga filimbi kutoka ng'ambo ya mto Kagera si habari za ugenini.

Samite Mulondo ni mtu wa Uganda. Babu yake ndiye aliyemfundisha filimbi ya jadi. Nchi yake ilipochafuka alikimbilia Kenya mwaka 1982, akawa mkimbizi, akajipatia riziki kwa kupiga muziki Nairobi. Mwaka 1987 alihamia Marekani, akakaa Ithaca katika jimbo la New York. Huko alirekodi nyimbo zake, akajulikana.

Wengi wakifika hapo husahau walikotoka. Yeye hakusahau. Mwaka 1997 alirudi Afrika akazuru Liberia, Kodivaa, Rwanda na Uganda, akakaa na waliofukuzwa makwao na vita. Safari hiyo ilitengenezewa filamu, nayo ikaonyeshwa na televisheni ya umma ya Marekani mwaka 1998, hata jina lake likaheshimiwa si kwa filimbi tu bali kwa utu wake pia. Mwaka 2002 akaanzisha chama cha Musicians for World Harmony, ambacho shabaha yake ni kuwawezesha wanamuziki kuwapelekea muziki wakimbizi, yatima, wagonjwa, na watoto waliowahi kutiwa katika majeshi ya waasi.

Labda mwenzetu mmoja atauliza: mtu mwenye njaa atafaidi nini kwa filimbi? Swali hilo ni la haki, na sisi wa mkoa huu tuna sababu ya kulijibu kwa uangalifu. Mwishoni mwa Aprili 1994, katika muda wa siku moja hivi, watu wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo wakaingia Ngara. Karagwe nayo ikapokea wageni wengi. Unga ulikuja kwa malori, mahema yakaja, dawa zikaja. Bila hivyo wengi wangalikufa. Lakini miti yetu ilikatwa kwa kuni, na manung'uniko yakazidi, mpaka wengi wa wageni wale waliporudishwa kwao Desemba 1996.

Kunung'unikia misitu halikuwa kosa. Kosa lilikuwa kumwona mtu aliyesimama mstarini na bakuli kana kwamba hakuwa na kitu kingine duniani ila bakuli lile. Jana yake alikuwa mkulima, fundi, mwalimu, au mpiga ngoma. Hapo ndipo twaona maana ya kazi ya Samite. Yeye huketi na watu, hupiga filimbi, kisha watu wenyewe huimba pamoja naye nyimbo zao. Aliyekuwa akipokea tu, sasa anatoa. Unga huokoa mwili, wala hatuudharau. Lakini mtu aliyeombwa wimbo wake hukumbuka kwamba yeye bado ni mtu.

Somo hili si geni kwa wanaushirika. Mwaka 1976 Serikali ilivunja miungano ya ushirika nchini, na mkulima wa kahawa akawa mtu wa kuamuliwa mambo na mamlaka za mazao, asiulizwe neno. Sheria ya mwaka 1982 ndiyo iliyorudisha ushirika. Waliopita katika miaka ile wajua uchungu wa kuhudumiwa bila kusikilizwa. Ushirika hauanzi na huruma. Huanza mtu anapoulizwa: wewe una nini cha kuleta?

Kwa hiyo twatoa shauri. Kila chama cha msingi kinapowasaidia yatima, wajane na wazee, kisiishie kugawa fedha na sukari. Kiwaulize wale wanaosaidiwa wana ujuzi gani, na kuwapa nafasi ya kuutumia. Nao wapiga nanga wetu wasiitwe siku za sherehe tu, wakalipwa soda. Waende hospitali na majumbani kwa wenye huzuni, nasi tuwachangie nauli.

Wahenga walisema: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Samite alitoka kwao akiwa mkimbizi, na alichojifunza kwa babu yake amekigawa hata leo hakijaisha.