Inchi Moja ya Uani

Ngazi ya mbao inayoshuka kutoka baraza la nyuma ya nyumba ya Mmarekani hadi kwenye nyasi huonekana kazi ya Jumamosi moja: mbao mbili za kando zilizokatwa meno, mbao za kukanyagia juu yake, skrubu, basi. Vipimo vyake, hata hivyo, vina ukoo mrefu, na anayeufuata ukoo huo ataona kwamba ngazi hii imerithi ubahili usioihusu. Vitruvius wa Roma, akiandika habari za mahekalu, alitaka pa kukanyagia pasipungue futi moja na nusu, na idadi ya vidato iwe witiri, ili mguu wa kulia ulioanza chini ndio ufike juu. Mwaka 1675 Mfaransa François Blondel akaleta hesabu nyingine: hatua ya mtu katika tambarare ni inchi 24, na kila inchi anayopanda humla mbili za kwenda mbele, kwa hiyo kimo cha kidato mara mbili, ukijumlisha upana wa kukanyagia, kitoe 24. Mafundi wangali wakiitumia. Kasoro yake ni kwamba inapima hatua, haipimi unyayo. Inchi 24 za Blondel ni karibu 25 na nusu za leo, na ngazi kali yenye kimo cha 7¾ na kukanyagia kwa 10 huzitimiza barabara. Anayepanda hatateta, maana hutumia nusu ya mbele ya mguu. Anayeshuka ndiye ncha ya kiatu chake huning'inia hewani.

Baraza lenyewe ni geni. Zamani familia nyingi za Marekani zilibarizi mbele ya nyumba, macho barabarani. Vitongoji vilivyoota baada ya 1945 vikahamishia mapumziko uani. Mbao zikadumu mvuani kwa dawa ya shaba, kromi na aseniki, aliyoibuni Mhindi Sonti Kamesan mwaka 1933 (iliondolewa kwenye mbao za makazi mwishoni mwa 2003, kwa hofu ya hiyo aseniki). Ngazi ya uani ikajikuta chini ya sheria ileile ya ngazi ya ndani. Katika miaka ya 1990 watetezi wa usalama walidai kimo kisizidi inchi 7 na kukanyagia kusipungue 11. Chama cha wajenzi wa nyumba kikapinga, na kanuni za makazi za mwaka 2000 zikatua kwenye 7¾ na 10. Wajenzi hawakupinga bure. Kupanda inchi 108 hadi ghorofani kwa vipimo vyao huchukua inchi 130 za sakafu. Kwa vipimo vya watetezi wa usalama, 165. Karibu futi tatu za nyumba zinatoweka, na hizo ni pesa. Lakini baraza lililoinuka inchi 56 linahitaji vimo vinane kwa vipimo vyovyote kati ya hivyo viwili. Tofauti ni inchi moja katika kila ubao kati ya saba, yaani inchi saba za nyasi.

Atatokea wa kusema kwamba watu huzoea: nyumba za kale za Amsterdam, zilizobanwa katika viwanja vyembamba, zina ngazi kali hata samani hupandishwa kwa kamba kupitia madirishani, na wenyeji hawazishangai. Sawa, ila ngazi ile hukanyagwa na mwenyewe kila siku. Ya uani hukanyagwa na mgeni, usiku, sahani mkononi. Mwingine atasema kinachoangusha ni vidato visivyolingana kuliko ukali wenyewe. Hapo ana haki, na kanuni zinaruhusu tofauti ya robo tatu tu ya nusu inchi. Ila kosa hilo hutokea kwa urahisi: fundi asipopunguza miguu ya zile mbao za kando kwa unene wa ubao wa kukanyagia, kidato cha chini hutoka kirefu na cha juu kifupi kwa unene uleule, inchi moja au zaidi. Mguu unaokutana na kosa hilo ukishuka hauna pengine pa kujishikilia ila upana wa ubao.