Barua kwa Mwenye Gari

Ilikuwa tarehe 9 Septemba 1966, Rais Lyndon Johnson wa Marekani alipotia sahihi sheria ya usalama wa magari ambayo, pamoja na mambo mengine mengi ya mikanda, vioo na taa, iliwalazimisha watengenezaji kufanya jambo moja dogo walilokuwa wakilikwepa kwa miaka na dahari, nalo ni kumwandikia mnunuzi barua iliyosajiliwa posta ya kumjulisha kwamba gari walilomuuzia lina dosari iwezayo kumtoa roho. Msomaji wa leo, aliyezoea kusikia kwamba kampuni fulani imeyaita magari yake laki kadha yarejeshwe kutengenezwa, huenda akaliona jambo hilo kuwa la kawaida kama risiti ya dukani. Walakini aliyepata kuzipitia kumbukumbu za Baraza la Seneti za mwaka 1966, pamoja na kitabu cha wakili Ralph Nader kilichoizusha kadhia yote, atakiri kwamba barua ile ilipatikana kwa vitimbi na fedheha ambazo mtu angezitarajia katika hadithi za majasusi kuliko katika biashara ya kuuza motokaa.

Si kwamba kabla ya hapo magari yenye kasoro hayakuwa yakirekebishwa. Yalirekebishwa, lakini kwa siri. Desturi ilikuwa kuwapelekea mawakala waraka wa kuwaambia kwamba gari la namna fulani likiletwa gereji, hata kama limeletwa kubadilishwa oili tu, basi fundi alifungue na kubadilisha kipande kadha wa kadha, wala mwenyewe asiambiwe neno. Na yule ambaye gari lake halikupata kufika kwa wakala, ama kwa kuwa amekwisha kuliuza, ama kwa kuwa ana fundi wake wa mtaani, huyo aliachiwa Mungu wake. Kesi iliyoifunua desturi hii ni ile iliyoamuliwa na mahakama ya juu ya jimbo la Michigan mwaka 1959, juu ya gari la Buick la mwaka 1953 ambalo breki zake zilikuwa na mpira mbovu wa kuzibia, mafuta ya breki yakivuja mpaka pedeli ikazama na gari lisisimame. Mwenye gari alilipeleka gereji na kueleza kwamba breki hazishiki. Fundi mmoja akalipanda ili alisogeze, akasahau alivyoambiwa, na gari likamgonga mtumishi mwenziwe na kumsaga mguu. Kampuni ya General Motors ilijitetea kwamba mwenye kosa ni fundi msahaulifu. Majaji hawakuikubali hoja hiyo, kwani ilithibitika kuwa kampuni iliijua dosari ile, ikawapelekea mawakala vipuri vya kuitibu, na ikawaacha wenye magari gizani. Na mwenye kujua hatari ya kitu alichokiuza, walisema, ana wajibu wa kuonya.

Hukumu hiyo haikubadili desturi. Ilimpatia majeruhi haki yake, na viwanda vikaendelea kama kawaida.

Nader alikuwa kijana wa miaka 31 kitabu chake kilipotoka mwezi wa Novemba 1965, mwana wa wahajiri wa Kilebanoni waliokuwa na mkahawa katika mji mdogo wa Winsted, jimbo la Connecticut, aliyelelewa akisema Kiarabu kwa wazazi wake na Kiingereza kwa walimu wake, na aliyehitimu sheria katika Chuo Kikuu cha Harvard. Naye, jambo lililowashangaza wengi, hakuwa na gari. Kitabu alikiita "Unsafe at Any Speed", jina linalobeba dai lote, kwamba gari laweza kuwa la hatari hata dereva apunguze mwendo namna gani. Sura yake ya kwanza aliielekeza kwa Chevrolet Corvair, gari la General Motors lililokuwa na injini nyuma, na ekseli za nyuma zilizofungwa kwa namna ambayo gari likikata kona kwa kasi gurudumu laweza kujikunja chini ya bodi, likaiinua sehemu ya nyuma na kulipindua gari zima. Chuma cha mbele cha kupunguza kuyumba kilikuja kuwekwa kwenye magari ya mwaka 1964. Kabla yake, kampuni ilitegemea kwamba mwenye gari atajaza matairi ya mbele upepo mchache sana kuliko ya nyuma, na kwamba kijana wa kituo cha petroli, aonapo matairi ya mbele yamelegea, hatayajaza kwa wema wake. Nani aliyewahi kumwona kijana wa kituo cha petroli asiyeongeza upepo?

Kitabu chenyewe hakikuwa na mauzo ya kutisha hapo mwanzo, na yamkini kingesahauliwa kama vitabu vingi vya mawakili, lau kampuni ingenyamaza. Lakini haikunyamaza. Mwanzoni mwa mwaka 1966, kwa kupitia idara yake ya sheria, ilimkodi mpelelezi wa binafsi aitwaye Vincent Gillen, aliyepata kuwa ofisa wa FBI, naye akawaagiza watu wake wamchunguze Nader katika kila upande wa maisha yake: siasa yake, rafiki zake, wanawake anaoandamana nao, kama anakunywa, kama anatumia dawa za kulevya, na ni nani anayemtia nguvu. Wapelelezi hao waliwaendea jamaa na marafiki kwa kisingizio kwamba yuko tajiri fulani anayetaka kumwajiri na angependa kujua tabia zake. Wakauliza kwa nini mtu wa umri ule hajaoa, na kwa kuwa nasaba yake ni ya Kiarabu, wakadadisi pia kama hana chuki na Mayahudi, jambo lililokuwa na ncha yake, maana Seneta Abraham Ribicoff, mwenyekiti wa kamati iliyokuwa ikisikiliza habari za usalama wa magari, alikuwa Myahudi. Gillen mwenyewe alifunga safari kwenda New Hampshire kumhoji rafiki wa Nader wa siku za chuo, mtu ambaye mwaka 1961 alipata ajali ya gari iliyompooza, na ambaye kitabu kile kilitabarukiwa kwa jina lake. Yaelekea Gillen hakukifungua kitabu hata ukurasa wa kutabaruku, maana katika Marekani nzima asingeweza kumpata mtu asiyefaa zaidi kwa kazi aliyomwendea.

Tarehe 11 Februari wapelelezi wawili walimfuata Nader mpaka ndani ya majengo ya Seneti, wakampoteza katika njia zake, na walinzi wakawatoa nje. Mambo yakafika magazetini. Nader mwenyewe alieleza kwamba simu zilikuwa zikilia usiku kwake, na kwamba mara mbili alikabiliwa na wanawake asiowajua, mmoja katika duka la dawa alipokuwa akitazama magazeti, aliyemwalika kwenye mazungumzo ya mambo ya nchi za nje, na mwingine katika duka la vyakula, karibu na rafu ya biskuti, aliyemwomba aende kumsaidia kuhamisha kitu kizito nyumbani kwake. Kampuni ilikana kabisa habari ya wanawake, na insafu yataka tuandike hivyo. Lakini habari ya upelelezi haikuweza kuikana. Usiku wa tarehe 9 Machi ikatoa taarifa ya kukiri, ikidai kwamba ulikuwa uchunguzi wa kawaida unaohusiana na kesi za Corvair zilizokuwa mahakamani.

Ribicoff akawaita wote mbele ya kamati yake tarehe 22 Machi. Wajumbe wa kamati hiyo walikuwa na kisa cha nyuma na General Motors, kwa kuwa Julai ya mwaka uliopita Seneta Robert Kennedy aliwauliza wakuu wa kampuni wamepata faida kiasi gani mwaka 1964 na wametumia kiasi gani kwa utafiti wa usalama, na baada ya kubabaika kwao ikadhihirika kwamba faida ilikuwa dola bilioni 1.7, na fedha za utafiti waliozungumza juu yake dola milioni 1.25 hivi. Safari hii Rais wa kampuni, James Roche, alikuja akiwa na Theodore Sorensen ubavuni, yule aliyekuwa mshauri na mwandishi wa hotuba wa marehemu Rais Kennedy, nduguye Seneta. Nader alichelewa, kwa sababu hakupata teksi. Alipofika aliwataka radhi maseneta na kuwaambia kwamba alikaribia kwenda kununua Chevrolet ili awahi. Na Roche, mkuu wa kampuni kubwa kuliko zote za viwanda ulimwenguni, akaomba radhi hadharani, taa za televisheni zikimmulika. Na Ribicoff akaeleza kwamba baada ya kuchimba kote huko, wapelelezi hawakumpata Nader na doa lolote.

Tangu siku ile hapakuwa na seneta aliyethubutu kuonekana mtetezi wa viwanda. Kitabu kikanunuliwa kama njugu, na mswada ukapita katika mabaraza yote mawili pasipo kura hata moja ya kuupinga. Kifungu cha barua kilitokana na hoja ya Seneta Walter Mondale wa Minnesota, na ukikisoma utaona jinsi kilivyopimwa kwa uangalifu: barua iende kwa mnunuzi wa kwanza, na kwa mrithi wa dhamana ya gari ikiwapo, na kwa wakala. Habari ya nani atalipa gharama za matengenezo haikusemwa; hiyo ilingoja mpaka mwaka 1974, Bunge lilipoamuru kwamba dosari iondolewe bila ya malipo. Nader aliishtaki General Motors kwa kuingilia faragha yake, wakasuluhishana mwaka 1970 kwa dola 425,000, naye akazitia fedha zile katika vyama vya kuwatetea wanunuzi.

Ama Corvair yenyewe, wataalamu wa serikali waliyapima magari ya miaka 1960 hadi 1963 na kutoa ripoti mwaka 1972 kwamba hayakuwa mabaya zaidi ya magari ya wakati wake katika kona. Wapenzi wa gari lile, ambao hawajaisha, huishika ripoti hiyo kama msahafu. Kwa maoni yangu haibatilishi kitu katika sheria, maana anayehukumiwa katika kumbukumbu za 1966 ni mwuzaji aliyeona ni rahisi zaidi kumchunguza msemaji kuliko kuchunguza yasemwayo, na hilo halina uhusiano na ekseli.

Yaliyofuata yanajulikana. Ford iliyaita magari ya Pinto na Bobcat milioni 1.5 mwaka 1978 kwa ajili ya matangi yao ya petroli yaliyokuwa yakiwaka moto gari likigongwa nyuma. Dosari za matairi ya Firestone zilizaa sheria nyingine mwaka 2000. General Motors ikarudi kizimbani mwaka 2014 kwa dosari ya swichi ya kuwashia gari. Na kampuni ya Takata ya Japani ikafilisika mwaka 2017, baada ya mifuko yake ya hewa kupasuka na kurusha vipande vya chuma usoni mwa watu ambao ilitengenezwa kuwaokoa.

Huko Japani ndiko kunakotuhusu sisi, kwa kuwa magari yetu mengi ya pwani hii ya Afrika Mashariki na bara yake hutoka huko yakiwa yamekwisha kutumika. Wajapani nao walikuwa na desturi ileile ya kutengeneza kimyakimya, mpaka mwaka 1969, magazeti ya Marekani yalipofichua siri hiyo, na wizara yao ya uchukuzi ikaweka utaratibu wa kutangaza. Hata hivyo Mitsubishi ilikuja kukiri mwaka 2000 kwamba ilikuwa ikificha malalamiko ya wateja tangu mwaka 1977, makaratasi mengine yakiwa yametiwa ndani ya chumba cha kubadilishia nguo. Na mwaka 2002 gurudumu la lori lake la Fuso lilichomoka barabarani Yokohama na kumwua mama mmoja aliyekuwa akitembea na watoto wake. Wenye Fuso wangapi katika nchi zetu waliopata kuisikia habari hiyo?

Hapa ndipo barua ya Mondale inapokosa anwani. Gari likitoka Japani, usajili wake hufutwa na kupewa hati ya kusafirishwa, na mtengenezaji hana tena jina la kumwandikia. Takata ndiyo mfano wa kuhuzunisha zaidi, kwa sababu baruti ya mifuko ile, iliyofanywa kwa nitrati ya amonia, huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi. Na ni wapi penye joto na unyevu kuliko Mombasa, Tanga, Unguja na Dar es Salaam? Serikali zetu haziwezi kusema kwamba hazijui magari haya yako kwa nani. Namba ya chasisi ya kila moja imeandikwa forodhani, herufi kwa herufi, ushuru ukakokotolewa mpaka shilingi ya mwisho. Daftari la kumdai mwenye gari lipo. La kumwonya ni lilelile, halijafunguliwa tu kwa kazi hiyo.

Kwa miaka mingi mafundi wa Japani, walipokwisha kutibu dosari iliyotangazwa, walibandika stika ndogo yenye namba karibu na komeo la mlango wa dereva, iwe alama kwamba gari hili limekwisha kurekebishwa. Baada ya kujifunza hayo nilishuka kulitazama langu, ambalo nimeliendesha miaka tisa. Mahali penyewe palikuwa na duara la gundi kavu, lililoshika vumbi. Nikamwuliza fundi wangu wa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, kama aliwahi kuona kitu pale. "Zile karatasi za Kijapani, mzee?" akasema. "Hizo huwa tunazibandua gari likija kuoshwa. Zinachafua mlango."