Kura ya Mkristu na Uhai wa Mtoto Asiyezaliwa Bado



Wakristu wapendwa, amri ya tano yatukataza kuua. Tangu siku zake za kwanza Eklezya hufundisha ya kuwa kuharibu mimba ni dhambi nzito. Hilo twalijua. Lakini Mkristu akiitwa kupiga kura, naye akaona kila mgombea ana kasoro yake, afanyeje? Tutazame habari za Wakatoliki wa Marekani, kwa maana swali hilo limewasumbua kwa miaka zaidi ya 50.

Zamani wengi wao walikuwa wafanyakazi wa mshahara mdogo, wana wa wahamiaji. Walikipenda chama cha Demokrati kwa kuwa kiliwatetea wafanyakazi. Na mwaka 1960 wengi walimchagua John Kennedy, Mkatoliki wa kwanza kuwa Rais wa nchi ile. Ndipo tarehe 22 Januari 1973 Mahakama Kuu ikaamua, majaji 7 kwa 2, kwamba mwanamke ana haki ya kutoa mimba. Kufika mwaka 1980 vyama viwili vikubwa vilikuwa vimeachana wazi: chama cha Republikani kiliahidi kumlinda mtoto asiyezaliwa, cha Demokrati kikaitetea hukumu ile. Basi moyo wa Mkatoliki ukagawanyika: chama kilichomtetea baba kazini hakikumtetea mtoto tumboni.

Wakubwa wenyewe hawakupima sawasawa. Mwaka 1983 Kardinali Joseph Bernardin wa Chicago alifundisha kwamba anayemtetea mtoto tumboni imempasa kuutetea pia uhai mbele ya vita na hukumu ya kifo. Mwaka 1984 Askofu Mkuu John O'Connor wa New York alisema haoni jinsi Mkatoliki mwenye dhamiri njema awezavyo kumchagua mtu anayekubali wazi kutoa mimba. Mario Cuomo, gavana wa jimbo hilohilo, naye Mkatoliki, alijibu kwamba ayashika mafundisho ya Eklezya kwa nafsi yake, lakini hawezi kuwalazimisha kwa sheria watu wa dini nyingi.

Mwaka 1995 Papa Yohane Paulo II aliandika barua ya Injili ya Uhai. Alifundisha kwamba si halali kamwe kuipigia kura sheria inayoruhusu kutoa mimba; walakini mtunga sheria asiyeweza kuifuta yote, naye ajulikana kuwa aipinga, aweza kuunga mkono sheria ya kupunguza madhara yake.

Na mpiga kura je? Mwaka 2004 Kardinali Joseph Ratzinger, aliyekuwa Papa Benedikto XVI mwaka uliofuata, aliwaandikia maaskofu wa Marekani. Alisema: anayemchagua mtu kwa sababu mtu huyo akubali kutoa mimba, ashiriki uovu wenyewe. Lakini asiyekubali uovu huo, akimchagua kwa sababu nyingine, aweza kufanya hivyo zikiwapo sababu zenye uzito wa kulingana. Tuangalie vema: hakusema sababu yoyote. Kitu chepesi hakisawazishi mizani iliyobeba uhai wa mtu.

Tarehe 24 Juni 2022 Mahakama Kuu iliitangua hukumu ya 1973, na neno la kutoa mimba likarudishwa kwa kila jimbo. Mzigo wa mpiga kura haukuondoka. Mwezi wa Septemba 2024 Papa Fransisko aliulizwa juu ya uchaguzi wa nchi ile. Alisema kuwafukuza wahamiaji na kuwaua watoto tumboni yote mawili ni kinyume cha uhai. Imempasa kila mtu kupiga kura, na kuchagua ovu lililo dogo kwa dhamiri yake. Hakutaja jina la wa kuchaguliwa.

Nasi huku vijijini twapiga kura. Wagombea hutujia na chumvi na vitenge. Kabla ya kupokea, tumwulize kila mmoja: utamfanyia nini mama mwenye mimba asiye na msaada, na mtoto aliye tumboni mwake? Mtu asiye na jibu, kitenge chake hakitoshi kulifunika neno hilo.

Ulizo: Je, Eklezya hutuchagulia mgombea?

Jibu: Hapana. Eklezya hutufundisha amri ya Mungu na kuiangaza dhamiri yetu. Kuchagua ni kazi yetu wenyewe, nasi tutaulizwa mbele ya Mungu.