MM1: dawa ya sida iliyobeba majina ya marais wawili

Wandugu, wengi wetu tulikuwa hatujazaliwa ile wakati, lakini muulize wazee wenu kama wanakumbuka MM1. Mwishoni mwa mwaka 1987, pale Kinshasa, profesa Lurhuma wa kliniki za iniversite na mwenzake wa Misri, Ahmed Shafik, walitangaza kwamba wamepata dawa ya sida. M ya kwanza ni Mobutu, M ya pili ni Mubarak. Dawa ilibatizwa majina ya marais mbele ya waganga wengine kupata nafasi ya kuipima.

Nisieleweke vibaya: furaha ya watu ilikuwa na sababu. Sida ilikuwa inaua, na dawa moja tu, AZT, ndiyo ilikuwa imekubaliwa Marekani, Machi ya mwaka uleule, kwa maelfu ya dola kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Nani kwetu angelipa? Tena kule Ulaya walikuwa wanaandika juu ya Afrika kama vile sisi ndio ugonjwa wenyewe. Watu wa Kinshasa walijibu kwa mzaha: SIDA, walisema, ni ugonjwa wa kubuniwa ili kuwavunja moyo wapendanao. Kwa hiyo siku munganga wa kwetu aliposema «tumepata», inchi nzima ilitaka iwe kweli. Hata mimi ningetaka.

Shida ni hii: fomula ilibaki siri. Dawa ya siri, labo ingine haiwezi kuitengeneza tena na kuona kama inatoa matokeo yaleyale. Na wagonjwa wachache waliopata nafuu hawatoshi. Mgonjwa wa sida aliyetibiwa kuhara na kifua kikuu, akalishwa vizuri, akapewa tumaini, anaongeza kilo hata kama dawa mpya ni maji matupu. Njo maana wanagawa wagonjwa vikundi viwili, kimoja kinapewa dawa, kingine kidonge kisicho na kitu, na hata munganga anayewapima hajui nani alipewa nini. Bila hiyo, tunajidanganya kwa nia njema kabisa.

Na sasa fikiri: Zaire ya 1987, nani angesimama katika mkutano aulize swali gumu juu ya dawa inayoitwa Mobutu? Kukosoa kipimo kungekuwa kukosoa kiongozi. MM1 haikuthibitishwa kamwe, ikapotea polepole. Waliokuwa wameiweka tumaini lao, wengi ni marehemu.

Kinachoniuma zaidi, katika mji uleule kulikuwa na kazi nyingine. Tangu 1984, kwenye hospitali Mama Yemo, Projet SIDA iliunganisha watafiti wa Zaire, wa Ubelgiji na wa Marekani. Munganga Kapita alikuwa kati ya waanzilishi. Walifuata familia, nyumba kwa nyumba, wakalinganisha jamaa za wagonjwa na jamaa za watu wasio wagonjwa, na wakaonyesha kwamba kula sahani moja na mgonjwa hakuambukizi. Walionyesha pia kwamba ugonjwa unapita kati ya mwanaume na mwanamke, wakati wengi Ulaya na Marekani walikuwa bado wanasema ni wa wanaume wanaolala na wanaume. Hakuna aliyeipa ile kazi jina la rais. Ilikatwa 1991, kisha uporaji wa Septemba.

Jirani zetu wa Kenya walipita njia ileile. Mwaka 1990, rais Moi mwenyewe alizindua Kemron ya taasisi ya KEMRI, baada ya Davy Koech na wenzake kutoa matokeo ya wagonjwa 40 bila kikundi cha kulinganisha. Walisema hata kipimo cha wengine kiligeuka kuwa hasi. Ila Kemron, tofauti na MM1, kilichokuwa ndani kilijulikana: ni interferoni kidogo, ya kumung'unya. Ndiyo sababu iliweza kupimwa. Pale Uganda waliijaribu kwa wagonjwa zaidi ya 500, nusu wakapewa kidonge kitupu. Hakukuwa tofauti.

Na tusijidharau. Oktoba 1985, Paris, waganga watatu walitangaza siklosporini mbele ya waandishi wa habari, na waziri alikuwa amewapa baraka, kwa wagonjwa wachache waliotibiwa siku chache tu. Muda si mrefu wagonjwa wakaanza kufa. Lakini kule wenzao waliwashambulia hadharani, kwa majina, na hakuna aliyepoteza kazi juu ya kuuliza.

Ninaandika haya juu ya kitu nilichoona mwaka wangu wa mwisho. Mwenzangu mmoja alikuwa anafanya memwari juu ya malaria ya watoto. Pesa ya transport ya kwenda kijijini hakuwa nayo, na tarehe ya kutoa ilikuwa imefika. Basi alikaa chini ya mwembe, akajaza fishi 80 za ankete usiku mmoja, kwa bik tatu za rangi tofauti ili ionekane walijaza watu tofauti. Mimi nilimshikia tochi. Alipata distinksyo. Ile memwari ingali kwenye biblioteki, na mwaka jana mdogo mmoja aliniletea yake nimsomee kabla ya kuitoa. Kwenye ukurasa wa 12 alikuwa amenakili tablo yetu.