Ramani ya Reli Isiyo na Mwaka



Katika chumba cha mikutano cha parokia yetu, hapa kusini mwa Tanzania, imetundikwa ramani ya zamani ya reli ndani ya fremu ya mbao. Kichwa chake, kwa Kiingereza, kinalitaja Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki. Mwaka wa kuchapwa haukuandikwa. Hivi karibuni limetolewa wazo kwamba, kwa kuwa fremu ingali nzima, ramani iondolewe na iwekwe picha mpya. Baadhi ya vijana wakaongeza hoja: ramani yenyewe ina makosa, maana inaonyesha reli kutoka Mtwara hadi Nachingwea, na huko hakuna reli. Hoja hiyo inastahili jibu.

Mwinjili Luka, anapotaka kutujulisha wakati neno la Mungu lilipomjia Yohane Mbatizaji jangwani, hutaja watawala: Kaisari Tiberio katika mwaka wake wa kumi na tano, Ponsyo Pilato, Herode, Filipo, Lisania (Lk 3:1-2). Pale nyakati za watu hao wote zinapokutana ndipo penye jibu. Ramani isiyo na mwaka husomwa vivyo hivyo.

Shirika lililotajwa liliundwa mwaka 1948, na mwaka 1969 reli na bandari zikatenganishwa kuwa mashirika mawili. Huo ndio uwanja wetu wa kwanza, nao ni mpana mno. Tutazame sasa upande wa Uganda: reli imechorwa hadi Kasese, ambako ilifika mwaka 1956. Magharibi mwa nchi yetu limeandikwa jina moja, Ruanda-Urundi, ilhali tangu tarehe 1 Julai 1962 Rwanda na Burundi ni nchi mbili huru. Nchi yetu yenyewe inaitwa Tanganyika. Na kati ya Ruvu na Mnyusi, ambako mwaka 1963 Reli ya Kati iliunganishwa na reli ya Tanga, pako patupu. Hivyo ramani hii ni ya kati ya mwaka 1956 na 1962.

Ushahidi huo hauna uzito sawa. Kitu kilichochorwa kama kimekamilika hutuambia kwamba ramani haikuchapwa kabla yake. Kitu kinachokosekana hutuambia kwa sauti ndogo zaidi, kwani mchapaji aweza kuchelewa au kutumia mchoro wa zamani. Hata hivyo pengo nalo lina neno lake. Wataalamu wa ramani maarufu ya mozaiki iliyoko Madaba, nchini Yordani, katika sakafu ya kanisa la Mtakatifu Georgi, waliona kwamba inaonyesha kanisa jipya la Mama wa Mungu la Yerusalemu, lililotabarukiwa mwaka 542, lakini majengo ya baada ya mwaka 570 hayamo. Kwa njia hiyo wakaiweka katika karne ya sita. Fremu, kwa upande wake, si shahidi wa kutegemewa. Ramani yetu ina mistari ya kukunjwa. Yaonekana ilikaa mfukoni au kabatini kabla ya kupata kioo.

Turudi Nachingwea. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula. Mwaka 1947 serikali yake ilianzisha mradi mkubwa wa karanga katika Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Ilikusudiwa kulima zaidi ya ekari milioni tatu. Ardhi ilikuwa ngumu, mvua haikutabirika, mitambo iliharibika, na mwaka 1951 mradi ukaachwa, ukiwa umemeza paundi za Kiingereza milioni 36 hivi. Wakati huo reli ya kusini ilikwisha kufika Nachingwea, mwaka 1949, ikitokea Mkwaya karibu na Lindi. Bandari ya kina kirefu ya Mtwara ilifunguliwa mwaka 1954, yaani miaka mitatu baada ya kufa kwa karanga zilizokusudiwa kupita hapo! Reli ikakosa mzigo wa kutosha. Mwaka 1962 ikafungwa, kisha vyuma vyake vikang'olewa. Bandari ingalipo, na korosho zetu hupita humo.

Basi vijana wangu, ramani haikukosea. Ilisema kweli ya siku yake, na kwa sababu hiyo ndiyo inatuhifadhia kitu ambacho ardhi yenyewe imekiacha. Mwaka 2024, treni ya umeme ilipoanza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, nilisikia ikisemwa kwamba kusini hatukupata kuwa na treni kamwe. Walioipanda wangali hai, ingawa ni wachache.

Hapo, kwa maoni yangu, ndipo penye upungufu wa kweli wa ramani hii. Imeandika stesheni kwa herufi ndogo nzuri, bandari kwa herufi nene, lakini hakuna alama ya waliofyeka pori na kubeba mataruma, wala ya waliopakia mabehewa. Mtu aliyekuwa na miaka 20 reli ilipofungwa sasa amezidi miaka 80. Karatasi yaweza kungoja kidogo. Wazee hao hawawezi.

Kwa hiyo ramani itabaki ndani ya fremu yake. Tutaihamishia ukuta usiopigwa na jua, maana rangi nyekundu ya reli imeanza kufifia, na fundi ataitenganisha na kioo ili unyevunyevu usiigandishe. Viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, nawaomba mwulize nyumba kwa nyumba ni nani alifanya kazi katika reli ya kusini, au ana mzazi aliyeifanya. Leteni jina, kijiji na kazi aliyoifanya, Jumapili baada ya Misa ya kwanza. Asiyeweza kutembea nitamfuata nyumbani pamoja na katekista. Orodha itatundikwa chini ya ramani.