Historia ya michezo: Rudy Ruettiger, mchezaji wa akiba aliyecheza mechi moja tu

Tarehe 8 Novemba 1975, katika mji wa South Bend, jimbo la Indiana huko Marekani, kijana mmoja mfupi alibebwa mabegani na wenzake hadi nje ya uwanja. Jina lake ni Daniel Ruettiger, lakini watu humwita Rudy. Hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza na ya mwisho kuichezea ekipe ya chuo kikuu cha Notre Dame katika mechi.

Rudy alizaliwa mwaka wa 1948 mjini Joliet, jimbo la Illinois, katika jamaa ya watoto 14. Masomo yalimpa taabu. Alikuwa na disleksia, shida inayomfanya mtu mwenye akili nzuri ashindwe kusoma kwa urahisi, na hakuijua mpaka alipokuwa mtu mzima. Baada ya shule alitumika katika jeshi la majini, kisha katika kiwanda cha umeme. Mwaka wa 1972 alianza masomo katika chuo kidogo cha Holy Cross, jirani na Notre Dame. Aliomba nafasi Notre Dame, akakataliwa zaidi ya mara moja. Mwaka wa 1974, akiwa na miaka 26, alikubaliwa.

Mpira wa Kimarekani si kabumbu. Wanaosimama mstari wa mbele wa ulinzi kwa kawaida ni watu wazito, wenye kilo 100 na zaidi. Rudy alikuwa na kilo kama 75. Vyuo huwapa wachezaji bora burse ya masomo, yeye hakupewa. Kocha Ara Parseghian aliwapokea pia vijana waliokuja wenyewe bila burse, ndipo Rudy akapata mlango.

Kazi yake ilikuwa katika ekipe ya mazoezi. Kundi hilo huiga uchezaji wa adui wa juma linalofuata, ili wachezaji wakubwa wajizoeze. Kila siku ni kugongwa, kuanguka na kusimama tena. Siku ya mechi, wengi wao walikaa jukwaani kama watazamaji wengine.

Parseghian aliacha kazi baada ya msimu wa 1974, na nafasi yake ikachukuliwa na Dan Devine. Katika mechi ya mwisho ya nyumbani ya 1975, dhidi ya Georgia Tech, Devine alimruhusu Rudy kuvaa jezi. Mwishoni kabisa aliingizwa, akamwangusha mrusha mpira wa Georgia Tech, ambaye naye aliitwa Rudy: Rudy Allen. Notre Dame ilishinda 24-3.

Mwaka wa 1993 filamu inayoitwa Rudy ilieneza habari hiyo. Humo wachezaji wanaweka jezi zao mezani kwa Devine ili kumlazimisha. Jambo hilo halikutokea. Devine alikubali kuonyeshwa kama mtu mbaya ili filamu ifaulu.

Ushindi ule haukumtegemea Rudy. Mechi ilikuwa imekwisha kuamuliwa. Mchango wake ulikuwa katika misimu miwili ya mazoezi, ambako hakukuwa na watu wa kupiga makofi. Wale waliombeba ndio waliogongana naye kila siku. Wao walijua walikuwa wakilipa deni gani.